Gari la Rimoti, Mama Mteja na Nyota za eBay

Wasee, wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana niliuza gari la rimoti la mtumba mtandaoni, 1,200. Nilikuwa nimelitoa Gikomba na kulipiga picha upande mzuri tu. Rimoti ilikuwa inashika ukiifinya sana, na hilo sikuandika. Jioni mama aliyenunua akanitext: "Kijana yangu, hii gari haiendi, na kesho ni bathdei ya mtoto." Nikamjibu vile maduka yote ya mtaani hujibu: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu nikambloku.

Sasa, Gikomba hiyo sheria ina maana. Umeshika, umegeuza, umejaribu, umebishana bei. Lakini yule mama alikuwa na nini? Picha yangu na neno langu, basi.

Niliacha kampasi lakini kusoma sikuacha, kwa hivyo nikaanza kuchimba: watu walianzaje kumtumia pesa mtu hawamjui?

Septemba 1995 huko California, jamaa wa kuandika programu anaitwa Pierre Omidyar alifungua AuctionWeb, ile baadaye ikawa eBay. Kati ya vitu vya kwanza kuuzwa hapo ni kalamu yake ya leza iliyoharibika. Ikaenda dola 14.83. Alimuuliza mnunuzi kama ameelewa ni mbovu, naye akasema yeye hukusanya mbovu. Buda, kitu kibovu kiliuzika kwa sababu mwenyewe alisema ni kibovu!

Malalamiko yakaanza kumjazia barua pepe, na 1996 akafungua mahali pa watu kusemana hadharani. Kisha wakaingia Beanie Babies, vidoli vya kitambaa ambavyo Wamarekani walivifanyia wazimu miaka ya tisini. Hapo hata kile kikaratasi cha sikioni kikikunjika bei inashuka, kwa hivyo muuzaji alilazimika kueleza kila mkunjo.

Shida ni kwamba muuzaji pia angeweza kumpa mnunuzi alama mbaya. Ukinilalamikia, nakuchafulia jina. Watu wakaogopa, wakanyamaza. 2008 eBay ikawanyang'anya wauzaji hiyo silaha, na wengine wakagoma kuuza. Nawaelewa, kusema ukweli. Kuna wateja wa kuvunja kitu halafu wanadai pesa. Lakini yule mama hakuwa mmoja wao, na block yangu ilikuwa silaha ile ile.

Hapa kwetu M-Pesa ilikuja 2007, tukajifunza kumtumia mtu pesa kwa sekunde. Nyota za kumpima huyo mtu hazikuja nayo. Kwa WhatsApp na magrupu ya Facebook tuko na skrinshoti tu. Na yangu ilifika kwa grupu la akina mama wa mtaa mzima, na jina langu juu.

Nilimfungulia siku ya pili. Nikafuta "lakini" mara tatu kabla ya kutuma: "Mama, nilijua rimoti ina shida na sikukwambia. Nakurudishia 1,200 na pesa ya boda."

Akakaa saa nzima. Kisha: "Gari wacha, ameshaanza kulisukuma na mkono. Tuma 500 ninunue rimoti ingine. Na utoe hiyo picha yako."

Nikatuma. Picha nikaitoa.