Kubadilisha nyuzi za gita la besi bila kuhamisha daraja

Katika ibada zetu hapa Kindu, korali inaegemea besi. Besi ikidanganya, sauti ya pili na ya tatu zinayumba, na lawama inawaangukia waimbaji. Mara nyingi shida hiyo ilianza siku ya kubadilisha nyuzi: nyuzi ni nzuri, lakini daraja limehama na hakuna aliyeliangalia.

Daraja, ambalo wengi wetu tunaliita shevale, ni kile chuma kilichofungwa kwa visi kwenye mwili wa gita. Kila uzi unapita juu ya kipande chake kidogo kinachosogezwa mbele na nyuma. Hapa tukiite tandiko. Tangu Leo Fender alipotoa Precision Bass huko Marekani mwaka 1951, besi nyingi zina kipimo cha sentimita 86,4 kutoka kichwa cha shingo hadi daraja, na kichuma cha 12 cha shingo kinakaa sentimita 43,2. Matandiko hurudi nyuma kidogo zaidi ya kipimo hicho, hasa la Mi, kwa sababu uzi wake ni mnene. Tandiko likihama, uzi usiobonyezwa bado utakubali kupatanishwa, lakini ukipanda juu ya shingo sauti inaharibika. Hakuna funguo ya kichwani inayoweza kuponya hilo.

Kwa hiyo, wapendwa, badilisheni uzi mmoja mmoja. Nyuzi nne pamoja zinavuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80; mkizitoa zote mara moja, shingo inalegea na kusogea. Kwa besi zenye umbo la violin, kama Höfner iliyoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1956, hatari ni kubwa zaidi: daraja lake la mti halikupigiliwa popote, linashikwa na mvuto wa nyuzi tu. Wekeni alama ya penseli kwenye kipande cha utepe pande zote mbili za miguu yake kabla ya kugusa kitu.

Uzi mpya usikatwe mfupi. Acheni sentimita kumi hivi kupita funguo yake, mkunje kwanza, ndipo mkate, la sivyo waya wa nje utafumuka. Hapa nyuzi zinatoka mbali na si rahisi. Uzi uliokatwa vibaya unaweza kutuacha na nyuzi tatu kwa miezi.

Zikishakazwa na kupatanishwa, pimeni kila moja kwa programu ya simu. Gusa uzi kidogo tu juu ya kichuma cha 12, upige, kisha ubonyeze hapohapo na upige tena. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha tandiko nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kuzungusha visi, maana turnavisi ikilazimishwa inakula kichwa chake. Tazameni pia kutoka juu: Mi na Sol ziwe na nafasi sawa hadi kingo za shingo.

Joto na unyevu wa Lualaba vinashika visi kutu. Tone moja la mafuta ya cherehani linatosha, lakini lisiguse mti wala nyuzi.