Kipindi cha Changing Rooms na Sebule za Waingereza

Katika kipindi cha Changing Rooms, kilichoanza kurushwa na BBC mwaka 1996, majirani walibadilishana funguo na, kwa siku mbili na bajeti ya pauni 500, kila upande ukapamba chumba cha mwenzake ukisaidiwa na msanifu wa mapambo. Watazamaji waliiga rangi kali za kuta pamoja na matumizi ya MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizochanganywa na gundi kisha kushindiliwa kwa joto, ambao ulikatika kwa urahisi, pengine urahisi uliopita kiasi. Safari moja rafu za kuning'inia zilianguka na kuvunja birika za kale za mwenye nyumba. Hata hivyo hamu haikupungua, na mwaka 2000 Marekani ilianzisha toleo lake, Trading Spaces.