Nyaya Nazo ni Hati: Swichi ya Betri katika Gari la Babu

Sisi wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika barua, ripoti za serikali na masimulizi ya wazee. Ni mara chache tunafungua boneti ya gari. Katika insha hii ninadai kwamba nyaya za gari la zamani nazo ni hati, na kwamba mtu anayefunga humo swichi ya kukatia umeme wa betri anaongeza mstari mpya katika hati hiyo. Swali langu ni hili: je, mstari huo unaharibu historia au unailinda? Mfano wangu ni Morris Minor 1000 aliloliacha babu mzaa mama, ambalo bado linatembea, nyumbani kwa mjomba, Jinja, Uganda.

Tuanze na betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, kabla ya magari ya petroli kuwapo. Hata hivyo, mengi ya magari ya mwanzo hayakuitegemea sana. Cheche ya kuwashia petroli ilitoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme chenyewe injini inapozunguka. Taa ziliwaka kwa gesi ya asetilini au kwa mafuta. Injini iliamshwa kwa kuzungushwa kwa mkono, kazi iliyovunja mikono ya madereva wengi. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari lenye stata ya umeme, iliyotokana na kazi ya mhandisi Charles Kettering. Faida yake kila dereva anaijua. Gharama yake ni kwamba gari likawa na chanzo cha nguvu kisicholala, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwa mwenyewe.

Morris Minor lilizinduliwa mwaka 1948, likiwa kazi ya Alec Issigonis, na baadaye likawa gari la kwanza la Uingereza kutengenezwa zaidi ya milioni moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilihitaji mno fedha za kigeni, na serikali yake iliwapendelea katika mgao wa chuma wenye viwanda waliouza bidhaa nje. Makoloni yalikuwa sehemu ya soko hilo. Babu yangu, aliyekuwa mwalimu, alilinunua gari lake likiwa limekwisha kutumika, miaka michache baada ya Uhuru wa Uganda wa mwaka 1962.

Ukizisoma nyaya za gari hilo utaona mambo mawili ya zama zake. La kwanza ni fyuzi. Gari zima lina fyuzi mbili tu. Taa kubwa, koili na stata hazilindwi na fyuzi yoyote. La pili ni kwamba ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi ni chanya, si hasi. Ndivyo magari mengi ya Uingereza yalivyokuwa, hadi miaka ya 1960 viwanda vilipogeukia ncha hasi, wakati alteneta na vifaa vya kielektroniki vilipoanza kuingia magarini.

Mpangilio huo haukuwa uzembe wa wahandisi. Waya mpya wenye ngozi nzima hauna haja ya kuogopwa sana. Lakini mpira unaofunika waya huzeeka. Hukauka, hupasuka, na panya nao hupenda kuutafuna. Siku shaba iliyo wazi itakapogusa bodi, shoti hutokea, na kwa kuwa hakuna fyuzi ya kukatika, waya wenyewe ndio unaogeuka mkaa. Kwa hiyo pengo lililoachwa na kiwanda halikuonekana siku gari liliponunuliwa. Linaonekana leo, kwa sababu gari limeishi muda mrefu kuliko waliolibuni walivyotarajia.

Mashindano ya magari yalilazimika kulikabili pengo hili kwa sheria. Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua vizuri shindano la Safari, lililoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, likipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Gari likipinduka porini, petroli ikimwagika na betri bado inatoa umeme, cheche moja inatosha. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinadai swichi kuu inayokata nyaya zote na pia kuzima injini, na ambayo dereva aliye ndani na mwokoaji aliye nje wote wanaweza kuitumia. Mahali pake kwa nje huwekwa alama ya cheche nyekundu ndani ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe. Mwokoaji hahitaji kujua lugha ya dereva.

Swichi ya gari la nyumbani si lazima iwe ya namna hiyo, lakini tofauti yake inafaa kueleweka. Swichi ya kawaida hutenganisha betri tu. Injini ikiwa inazunguka, dinamo inaweza kuendelea kuilisha koili, na gari lisizimike. Kwenye gari lenye alteneta, kuikata betri injini ikiwa inazunguka kunaweza kuziunguza daiodi zake. Ndiyo maana swichi ya mashindano ina viunganishi vya ziada, na ya nyumbani huzungushwa tu injini ikiwa imezimwa.

Nyumbani kwetu mabishano hayakuwa ya kiufundi. Gari hulala kwenye banda lililoshikana na jiko, na mama alikuwa amekwisha kusema kwamba ama litengenezwe ama liuzwe. Mjomba alinijibu, "Babu yako hakuwahi kulitoboa gari hili, na mimi sitalitoboa." Nikamwambia, "Mjomba, hatutatoboa chochote." Nilipewa nafasi ya kuthibitisha hilo, pamoja na fundi umeme wa jirani.

Dukani tulikutana na historia tena. Swichi nyingi zinazobanwa moja kwa moja juu ya betri zimetengenezewa ncha hasi, ambayo ni nyembamba kuliko ncha chanya. Kwa gari la babu, waya wa bodi uko kwenye ncha chanya. Tulichagua swichi ya kuzungusha inayohimili mkondo mkubwa wa stata, tukaifunga kwenye kibamba cha chuma kilichobanwa na boliti ileile inayoishikilia betri. Waya mnene mmoja ulitoka ncha chanya hadi kwenye swichi, na mwingine kutoka swichi hadi boliti ya zamani ya bodi. Fundi aliufungua waya wa bodi kwanza, kwa sababu ukianza na ncha nyingine na spana ikagusa bodi, shoti unaitengeneza wewe mwenyewe. Tulipoizungusha swichi, honi, taa na stata vyote vilinyamaza. Waya wa awali tuliuweka kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye tarehe na mchoro wa kazi yote.

Karatasi hiyo ndiyo jibu langu kwa mjomba. Hati ya Torino ya FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, inataka mabadiliko yanayolazimu yasifute kilichokuwapo, yaweze kuondolewa, na yaandikwe. Ndivyo tunavyofundishwa kuhusu hati za karatasi pia: unaweza kuandika maelezo pembeni, mradi hukufuta maneno ya mwandishi.

Gari la leo ukilikatia betri hupoteza saa, pengine redio hudai namba ya siri, na kompyuta yake huanza kujifunza upya baadhi ya mambo. Gari la babu halina cha kusahau. Linaweza kuzimwa kabisa kwa miezi mitatu na kuamka lilivyokuwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na gari likiungua hakuna ukuta wa kujenga. Kwa hiyo ninahitimisha kwamba swichi ile haikuiharibu hati. Mama ameacha kuzungumzia kuuza, na mjomba sasa ndiye anayeizungusha kila jioni.