Mlima una wenyewe: Somo kutoka Usambara

Watu wengi wa mjini wanaokaribia kustaafu wana ndoto moja. Wakichoshwa na joto, vumbi na kelele za baa ya jirani, husema wanatafuta kiwanja mlimani. Wengine hutaja Upare, wengine Uluguru, lakini jina linalotajwa sana ni Lushoto. Mtu anataka nyumba juu ya kilele, pasipo jirani, pasipo hodi, aamke na ukungu na alale na ubaridi.

Nia hiyo si mbaya hata kidogo. Lakini kabla mtu hajatoa akiba yake ya miaka 30 ya kazi, ni vema aulize: je, milima hii imewahi kumpa mtu upweke anaoutafuta? Historia ya Usambara ina jibu, na jibu lenyewe linatoka kwa watu wa aina tatu waliochagua ardhi ya milima hiyo kwa nyakati tofauti.

Wa kwanza ni Wasambaa wenyewe. Katika lugha yao nchi imegawanyika sehemu mbili: kuna shambaai, yaani juu kwenye ubaridi na mvua, na kuna nyika, yaani bondeni kwenye joto na ukame. Wazee wa zamani walipochagua mahali pa kujenga hawakukimbilia vilele vya mbali. Vijiji vingi waliviweka karibu na ukingo wa mlima, pale unapoanza kuteremka kwenda nyika. Sababu ilikuwa ya maana sana. Juu kulikuwa na migomba, maji na mbu wachache, tena adui hakufika kwa urahisi. Chini kulikuwa na mashamba ya nafaka ambayo mwaka wa njaa yangeweza kuokoa maisha. Mtu aliyejenga ukingoni aliweza kulima kote kuwili. Kwa hiyo Msambaa alipanda mlimani apate usalama, lakini hakuikata njia iliyomrudisha bondeni.

Katika milima hiyo ndipo ukoo wa Wakilindi ulipoweka makao yake makuu, Vugha. Masimulizi yaliyomo katika kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemed, yanaeleza jinsi Mbega, mwindaji aliyetoka Ngulu, alivyopokelewa na Wasambaa na kufanywa mtawala. Mjukuu wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, alitawala kutoka Vugha hadi karibu na pwani ya Tanga na Pangani. Mmisionari Krapf alifika kwake mwaka 1848, na mwaka 1857 wakafika Waingereza Burton na Speke, wakamkuta mzee tena mgonjwa. Mgeni alipanda kwa jasho, na akifika hakuachiwa aingie mjini apendavyo. Kama kuna nyumba ya mlimani iliyopata faragha katika nchi yetu, ilikuwa ile ya Vugha.

Lakini faragha hiyo iliishia wapi? Kimweri alifariki mwaka 1862, na kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Wakati huo biashara ya misafara ilikuwa imepamba moto katika bonde la mto Pangani, chini ya milima. Semboja, mwana wa Kimweri, alikaa Mazinde, bondeni, njiani hasa pa misafara hiyo. Bunduki na baruti zilipita mlangoni kwake, si Vugha. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja aliupiga mji wa Vugha, Shekulwavu akakimbilia Usambara ya mashariki na huko akafa. Semboja alimweka mwanawe Vugha, lakini yeye mwenyewe alibaki Mazinde. Alijua kwamba nguvu ilikuwa imeshuka mlima. Nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi, na wananchi wengi wakauzwa utumwani.

Watu wa pili walikuwa Wajerumani. Hao nao walikimbia joto na malaria. Mwaka 1891 walianzisha shamba la kahawa huko Derema, Usambara ya mashariki. Waliona msitu mnene wakadhani chini yake kuna udongo wa kushiba. Wakafyeka. Kumbe rutuba ya msitu ule ilikuwa katika majani yanayooza juu juu, na mvua ilikwisha kuuchosha udongo wa chini. Haikuchukua miaka mingi kahawa ile ikawatia hasara.

Upande wa magharibi walijenga mji wao, wakauita Wilhelmstal, yaani bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Ndio Lushoto ya leo, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Walijenga nyumba zenye mabomba ya moshi na kupanda maua ya kwao. Lakini nyumba hizo nazo ziliishi kwa sababu ya njia. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka Mombo ikabidi barabara ipasuliwe katika miamba, kona baada ya kona. Bila barabara hiyo, mji ule wa starehe usingepata hata msumari.

Jambo zito zaidi ni namna ardhi yenyewe ilivyopatikana. Amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 ilisema ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Sasa, ardhi isiyo na mwenyewe ni ipi? Mkulima wa mlimani hulima kipande, akakiacha kipumzike, akahamia kingine. Macho ya mgeni yakiona kichaka, husema hapana mtu. Kumbe kichaka kile ni shamba la mjukuu. Hivyo ndivyo wenyeji walivyosukumwa, na wengine wakajikuta wakilima kwenye miteremko mikali zaidi.

Waingereza, ambao ni watu wetu wa tatu, waliyakuta matokeo. Mashamba yamebanana, udongo unashuka na mvua. Kuanzia mwaka 1946, wakianzia Mlalo, waliwalazimisha wananchi kuchimba matuta ili kuzuia mmomonyoko. Dawa ilikuwa na maana yake, lakini ilitolewa kwa amri na faini, tena kazi kubwa ilimwangukia mwanamke mwenye jembe. Wananchi walikataa, TANU ikaichukua hoja yao, na katika miaka ya 1950 mpango ukaporomoka.

Tukirudi kwa mstaafu wetu, yampasa ajue kwamba mlimani jirani si yule wa ubavuni tu. Yuko jirani wa juu yako, ambaye maji ya shamba lake yatapita kwako, na yuko wa chini yako, ambaye maji yako yatapita kwake. Ukikata mteremko upate uwanja wa kuegesha gari, udongo wako utamshukia mwenzio. Mwezi Novemba mwaka 2009, huko Goha katika milima ya Upare, jirani na Usambara, ardhi iliporomoka usiku wa mvua ikaua watu zaidi ya 20. Mlima haujui nani ana hati.

Ukipenda kiwanja kwa sababu kina chemchemi, kumbuka kuwa sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Na chemchemi hiyo ndiyo bomba la watu wa chini. Ukiambiwa pori hili halina mtu, usimalizane na dalali gizani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote, na kuigawa kunahitaji ridhaa ya mkutano mkuu. Nenda mchana, kaa na wazee, uliza nani alilima hapo mara ya mwisho. Kisha nenda tena wakati wa masika, uone gari linakwama wapi, na saruji itabebwa na mabega ya nani.

Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Siku ukiugua usiku wa manane kwenye kilele chako, ukungu umefunga na barabara imekatika, watakaokushusha kwa machela ni wale wale uliopanda mlima ili uwakimbie. Afadhali wawe wanakufahamu.