Goti la Mama na Pembe ya Ndovu

Msomaji mwenzangu, mie si daktari. Nilianza kuchimba habari za magoti kwa sababu ya mama yangu, aliyekanyaga cherehani cha miguu barazani kwetu miaka ishirini na kitu, hadi goti la kulia likakataa. Daktari alitazama picha akasema gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, dawa ni goti la bandia. Haya. Mara daktari wa pili akaja na lake: "Mwenzangu atakata kano. Mimi ningepita chini ya msuli, mama atainuka upesi." Mama akanigeukia: "Sasa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tufuate lipi?" Nikakosa la kusema. Aibu ya siku ile ndiyo iliyonipeleka kwenye vitabu.

Kumbe ugomvi wenyewe ni mkongwe. Katika miaka ya 1870 Mjerumani Bernhard von Langenbeck alieleza njia ya kuingilia goti kwa upande wa ndani: kisu kinapasua kano la msuli mkubwa wa paja, kinaizunguka pia ya goti (ile wazee waitayo kilegesambwa), kisha pia inasukumwa pembeni na goti lote linakuwa wazi kama duka asubuhi. Wakati huo hakukuwa na goti la bandia la kutia humo. Aliyekuja kulitia ni mwanafunzi wake, Themistocles Gluck, mjini Berlin, mwezi Mei 1890. Mgonjwa alikuwa binti wa miaka 17 ambaye goti lake lililiwa na kifua kikuu cha mifupa. Na goti alilotiwa lilikuwa bawaba ya pembe ya ndovu!

Hapo niliweka kitabu chini. 1890 ndio mwaka Waingereza na Wajerumani walipotiliana saini mkataba wa kugawana pwani yetu, na Unguja ilikuwa soko kuu la pembe za Afrika Mashariki. Shuleni tulifundishwa kwamba pembe zilikwenda kuwa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Hakuna mwalimu aliyetwambia kwamba pembe ya ndovu imewahi kuwa goti la mtu.

Mwanzo wa kazi ya Gluck ulikuwa wa kutia moyo, lakini maradhi yalikuwa bado mfupani, usaha ukarudi. Mkubwa wake, Ernst von Bergmann, akamkataza kuyasoma matokeo yake mbele ya mkutano wa madaktari wa dunia uliofanyika Berlin mwaka uleule. Ikawa ndiyo basi kwa miaka mingi. Mwaka 1968 Frank Gunston, akiwa Wrightington huko Uingereza, alitoa goti la chuma juu ya plastiki lililoshikizwa kwa saruji ya mifupa. Miaka michache baadaye John Insall na wenzake wa New York walitengeneza lile linalofanana na magoti ya leo. Insall huyohuyo mwaka 1971 aliinyoosha njia ya Langenbeck ipite katikati, na mpaka leo madaktari wengi wanaifuata.

Na ile ya daktari wetu wa pili? Nayo si ya jana. Erkes, Mjerumani mwingine, aliieleza mwaka 1929: msuli wa ndani wa paja haukatwi, unainuliwa mzimamzima kutoka chini. Ikasahaulika, hadi Hofmann na wenzake wa Marekani walipoifufua mwaka 1991. Mwaka 1997 Engh naye akaja na ya katikati: kuutenganisha msuli kwa kufuata nyuzi zake.

Sasa nani mkweli? Wote wawili, kwa kiasi chake. Wagonjwa waliolinganishwa wameonyesha kwamba asiyekatwa kano kwa kawaida huinua mguu ulionyooka mapema, na maumivu ya mwanzo humpungukia. Ikipita miezi sita au mwaka, tofauti inakuwa ndogo mno, pengine haionekani kabisa. Lakini mlango wa chini ni mwembamba. Kwa mtu mnene, au goti lililokakamaa, daktari anafanya kazi kwa kubanwa, na chuma kikikaa upande ni taabu ya miaka. Mie naona wiki chache za nafuu hazilipi hasara hiyo.

Mama ni mnene, na goti lilikuwa limekakamaa. Tukafuata kano. Kitanda cha pili alilazwa mama mmoja mwembamba aliyepitishiwa chini. Kesho yake tu akainua mguu, wodi nzima ikamshangilia. Mama yangu alihangaika siku tano, jasho linamtoka kwenye mazoezi ya kukunja. "Umenichagulia vibaya, we mtoto," aliniambia, na usiku ule sikulala.

Baada ya miezi saba walikutana kliniki, wote wanatembea bila fimbo. Kusujudu hakuna aliyeweza. Wote wanaswali juu ya kiti, na hilo Mama bado linamuuma. Cherehani anakanyaga kwa mguu wa kushoto. Jioni moja nilimsimulia habari za Gluck na ile pembe. Akakata uzi kwa meno, akauliza yule binti wa Berlin aliitwa nani. Nikarudi vitabuni kutafuta. Nilivyonavyo vimeandika jina la daktari tu.