Yodi ndani ya chumvi: kidogo kinacholinda mtoto tumboni

Watu wengi wanaogopa kila kitu kinachoongezwa katika chakula huko kiwandani. Kuuliza ni vizuri. Lakini iko nyongeza moja ambayo familia za Minova na za pande zote za Ziwa Kivu hazipaswi kuikosa: yodi inayochanganywa na chumvi.

Kazi yake
Tezi ya shingoni hutumia yodi kutengeneza homoni zinazokuza mwili na ubongo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, mama mjamzito 250. Ikipungua, tezi huvimba na kuwa rovu. Mjamzito akiikosa sana, mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa, na hilo haliponi baadaye.

Mfano wa Idjwi
Katika miaka ya 1960 watafiti walipima wakaaji wa kisiwa cha Idjwi, ng'ambo ya Minova. Upande wa kaskazini, zaidi ya nusu walikuwa na rovu. Kusini-magharibi walikuwa wachache, ingawa yodi ilikuwa haba pande zote mbili. Uchunguzi ulionyesha mchango wa muhogo: sumu yake isipoondolewa vizuri, hugeuka mwilini kuwa kemikali inayozuia tezi kupokea yodi. Basi loweka muhogo mchungu siku kadhaa, uanike ukauke kabisa, ndipo usage.

Je, tule chumvi nyingi?
Hapana. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Chumvi nyingi hupandisha tansiyo. Vipande vya kuongeza ladha, kama Maggi, navyo vina chumvi nyingi. Ukivitia katika sombe, punguza chumvi ya kawaida.

Namna ya kuitunza
Jua, unyevu na moto hupunguza yodi. Chagua chumvi ya pakiti iliyoandikwa kwamba ina yodi, kuliko ile iliyokaa wazi juani sokoni. Iweke katika chombo kikavu chenye kifuniko, na uitie chakula kikikaribia kuiva.

Makanisa yanapowagawia waliokimbia vita unga na maharagi, chumvi yenye yodi isisahauliwe. Kati yao wamo akina mama wajawazito.