Njia za Mkato

Apandaye Lushoto kutoka Mombo kwa gari hufuata barabara ya kilomita zipatazo 33, yenye kona zisizohesabika. Waendao kwa miguu hawana haja na kona hizo. Hupanda kwa vijia vinavyokata mlima moja kwa moja. Utotoni tulivijua vijia vingi, lakini wazee walituonya kwamba asiyeijua barabara asifuate kijia, maana siku ya ukungu hatajua pa kurudia. Onyo hilo lilinirudia nikikaribia kustaafu, na lilinikuta mbele ya kompyuta.

Kizazi changu kilichelewa kukiona chombo hicho. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na mimi niligusa ya kwanza nikiwa tayari mkuu wa chuo cha ualimu. Kumbe wenzetu walikuwa wamekwisha kuhangaikia njia za mkato. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Louis Pouzin, akifanya kazi MIT huko Marekani, alichoka kuandika amri zile zile kila siku. Akatunga programu ya kusoma amri zilizopangwa katika faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine, akaiita RUNCOM. Ndiye pia aliyebuni jina la sheli kwa programu inayopokea amri za mtumiaji.

Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuijenga Unix. Mashine zao za kuandikia zilichapa polepole, hivyo amri zikafupishwa: ls ni kuorodhesha, cp ni kunakili, mv ni kuhamisha. Sisi tuliolipia telegramu kwa kuhesabu maneno hatushangai. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bill Joy wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akatunga sheli iliyomruhusu mtu kuipa amri ndefu lakabu yake mwenyewe. Sheli ya Bash, iliyotolewa mwaka 1989, nayo ina uwezo huo. Lakabu zake huandikwa katika faili liitwalo .bashrc. Herufi rc ni masalio ya RUNCOM, ingawa wengi wanaoziandika hawalijui hilo.

Chuoni kwetu alikuwako mkufunzi kijana aliyeagiza diski za Ubuntu, ambazo miaka ile zililetwa bure kwa posta. Aliiweka katika kompyuta ya ofisi, kisha akatutungia lakabu kwa Kiswahili. Ya kwanza ilikuwa hii:

alias sasisha='sudo apt-get update && sudo apt-get upgrade'

Tukiandika sasisha, mashine ilichukua orodha mpya ya vifurushi vya programu, na ikifaulu, ndipo ikaboresha vile vilivyokuwamo. Ya pili, hifadhi, ilinakili alama za wanachuo kwenye diski nyingine. Tulifurahi kama watoto waliogundua kijia.

Kijana akahamishwa. Mimi, kwa kujiona nimekwisha kuelimika, nikaandika skripti yangu ya kuiamuru mashine ihifadhi alama kila alasiri bila kuguswa. Ndani yake niliweka neno moja tu: hifadhi. Sikujua kwamba Bash huzitambua lakabu pale mtu anapoandika mwenyewe kwenye kibodi. Ndani ya skripti, kwa kawaida, hazitambui. Kwa muhula mzima mashine iliitwa kwa jina isilolijua, nami sikufungua diski hata mara moja kuangalia.

Siku kompyuta ilipoharibika, diski ya akiba haikuwa na alama hata moja ya muhula ule. Tulizikusanya upya kutoka madaftari ya wakufunzi. Za binti mmoja hazikuonekana popote, ikabidi arudie jaribio alilokwisha kulifaulu. Nilimwita ofisini nikamwambia kosa ni langu. Akajibu, "Haidhuru, Mwalimu," lakini machozi yalimlengalenga. Mara ya pili alipata alama pungufu, nasi hatukuwa na ushahidi wa ile ya kwanza.

Tangu hapo nina daftari lenye safu mbili: kushoto lakabu, kulia amri yote kwa urefu wake. Katika skripti naandika amri kamili, na baada ya kazi nafungua faili nione kama kweli limo.

Siwakatazi vijana kufupisha. Mjukuu wangu ajapo likizo huandika herufi mbili tu na kompyuta yake hujisasisha, na ndivyo inavyofaa. Maisha ni mafupi. Namwomba jambo moja tu, aniandikie amri nzima katika daftari langu kwa kalamu, bila kuchungulia popote. Akiweza, najua barabara anaijua. Akikwama, tunaketi pamoja barazani tukaitafute.